Kupumua kwa Tangi la Petroli: Fizikia ya Kuziba, Kuvuja na Kulipuka

Kila mpishi hujua kwamba kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja halimimini vizuri. Maziwa hutoka tone kwa tone, kisha hukwama. Tundu la pili likitobolewa upande wa pili, maziwa hutiririka bila taabu. Tundu la kwanza hutoa maziwa. La pili huingiza hewa ichukue nafasi ya maziwa yaliyotoka.

Kanuni hiyohiyo hutawala tangi la petroli la gari. Katika magari ya zamani njia ya hewa huwa tundu dogo katika mfuniko, au mpira mwembamba uliofungwa juu ya tangi. Njia hiyo ikiziba, gari huzima safarini. Na, jambo ambalo wengi hawalitambui, tangi laweza pia kuanza kuvuja. Tena, fundi asiyeelewa yanayotokea ndani ya tangi alidhanilo kuwa tupu aweza kupoteza maisha yake akilitengeneza. Makala haya yanaeleza mambo hayo matatu kwa kutumia kanuni za fizikia na kemia zifundishwazo katika shule za sekondari.

1. Tangi la mfano

Na tuchukue mfano wa Land Rover za zamani, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 na ambazo baadhi yake bado zinatembea katika barabara za Afrika Mashariki. Katika zile fupi zitumiazo petroli, tangi hukaa chini ya kiti cha mbele na huchukua lita 45 hivi. Limeundwa kwa bati la chuma lililounganishwa kingoni. Petroli huvutwa na pampu yenye kiwambo, ambayo huendeshwa na injini yenyewe, kisha hupelekwa kwenye kabureta. Pampu hiyo haina nguvu kubwa ya kuvuta. Kwa hakika, kinachoisukuma petroli kutoka tangini ni kanieneo ya hewa, yaani kani ambayo hewa huikandamiza juu ya kila kipande cha eneo. Pampu hupunguza kanieneo upande wake tu. Hewa iliyo juu ya petroli ndiyo ifanyayo kazi iliyobaki.

2. Hewa isipoingia

Tuseme tangi hilo lina lita 30 za petroli na lita 15 za hewa, na njia ya hewa imezibwa kabisa na matope. Kanieneo ya hewa iliyo ndani ni sawa na ile ya nje, takriban kilopaskali 100. Injini ikiisha kutumia lita moja tu ya petroli, hewa ileile italazimika kujaza nafasi ya lita 16. Kwa kanuni ya Boyle:

100 × 15 = P × 16; kwa hiyo P = 93.75.

Kanieneo ya ndani imepungua kwa kilopaskali 6.25. Tarakimu hiyo yaonekana ndogo, lakini tuitazame juu ya ubavu wa tangi wenye urefu wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 30, yaani eneo la mita za mraba 0.15. Kani inayousukuma ubavu huo kwa ndani ni:

6,250 × 0.15 = niutoni 937.5.

Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 95 hivi, karibu gunia zima la mahindi lililolazwa juu ya bati jembamba. Ndiyo sababu matangi mengine hubonyea bila kugongwa na kitu. Katika karne ya 17 Otto von Guericke, wa mji wa Magdeburg, Ujerumani, aliwaonyesha watu farasi waliovuta kwa shida vipande viwili vya tufe lililotolewa hewa. Kani iliyowashinda farasi wale ndiyo hii iliyomo katika tangi lililoziba.

Yafaa kuongeza kwamba hesabu hii imerahisishwa. Kanieneo inapopungua, petroli hutoa mvuke zaidi, na mvuke huo hurudisha sehemu ya kanieneo iliyopotea. Kwa sababu hiyo gari haliwezi kutabiriwa litazima baada ya kilomita ngapi. Lakini mwisho wake ni uleule: pampu hushindwa, kabureta hukauka, na injini hunyamaza.

3. Mvuke usipotoka

Njia ya hewa ina kazi ya pili, iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Petroli hutanuka kwa joto kwa kiasi cha 0.00095 ya ujazo wake kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Dereva akijaza lita 45 alfajiri, joto likiwa nyuzi 20, kisha gari likakaa juani hadi petroli ifikie nyuzi 45, ujazo utaongezeka hivi:

45 × 0.00095 × 25 = lita 1.07.

Lita hiyo moja haina mahali pa kukaa. Pamoja nayo, mvuke wa petroli huongezeka kwa kasi joto lipandapo. Ikiwa njia ya hewa imeziba, kanieneo huipenya sehemu iliyo dhaifu kuliko zote: mpira wa mfuniko uliochakaa, kiungo cha bomba, au ukingo wa bati ulioliwa na kutu. Petroli yaweza pia kusukumwa hadi kwenye kabureta na kuishinda sindano iizuiayo, ikafurika juu ya injini yenye moto.

Basi kuvuja si mara zote ugonjwa wa bati. Fundi anayeziba ufa pasipo kuichunguza njia ya hewa hutibu dalili na kuuacha ugonjwa. Baada ya siku chache petroli itatokea mahali pengine. Ndiyo sababu pia haifai kujaza tangi hadi shingoni.

4. Kuutambua ugonjwa

Dalili ya kuziba kwa njia ya hewa ni kwamba gari huenda vizuri mwanzoni, halafu hupoteza nguvu na kuzima. Mfuniko ukifunguliwa, sauti ya hewa iingiayo husikika, na baadaye gari huwaka. Lakini uko ugonjwa mwingine wenye dalili zinazofanana. Bomba la petroli likipita karibu na bomba la moshi, petroli huchemka ndani yake, na mvuke huzuia mtiririko. Gari likipumzika na kupoa, huwaka tena.

Dereva afunguaye mfuniko kisha akakaa nusu saa chini ya mti hawezi kujua ni lipi lililomponya: hewa iliyoingia au joto lililopungua. Hapa pana somo la msingi la sayansi, nalo ni kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Gari likizima, mfuniko na ufunguliwe na injini iwashwe mara moja kabla haijapoa. Ikiwaka na kuendelea vizuri, njia ya hewa ndiyo yenye lawama. Isipowaka, mfuniko ufungwe na kitambaa kilicholoweshwa maji kifungwe kwenye pampu na bomba. Ikiwaka baada ya hapo, joto ndilo lenye lawama.

Tiba ya njia iliyoziba ni rahisi. Tundu la mfuniko husafishwa kwa waya mwembamba, na mpira wa kupumulia huondolewa, ukaoshwa na kukaguliwa kama umebonyea au kupasuka. Mfuniko uliopotea usibadilishwe kwa kitambaa, kwa kipande cha mti, wala kwa mfuniko wowote utoshao shingo. Marekani ilianza kudai magari mapya yanase mvuke wa petroli, kwanza katika jimbo la California kwa magari ya mwaka 1970, kisha nchini kote kwa yale ya 1971. Magari ya namna hiyo hupitisha mvuke katika chombo chenye mkaa maalumu unaounasa, na mifuniko yao mingi haina tundu la wazi. Mfuniko kama huo ukiwekwa kwenye gari la zamani lililotegemea tundu la mfuniko, huwa ni kizibo kamili.

5. Kutafuta mahali panapovuja

Tangi huoza zaidi kutoka ndani. Maji huingia pamoja na petroli chafu, kwa mvua ipitayo kwenye mfuniko mbovu, na kwa unyevu wa hewa unaogeuka matone usiku. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na ya petroli kilo 0.74 hivi, kwa hiyo maji huzama na kukaa chini ya tangi, ambako hulila bati pole pole. Mipira nayo huzeeka. Siku hizi petroli ya nchi kadhaa huchanganywa na ethanoli. Uingereza, kwa mfano, ilianza mwaka 2021 kuuza petroli ya kawaida yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli. Mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huo, nayo yafaa kubadilishwa kwa ile iuhimiliyo.

Ili kupaona panapovuja, sehemu ya nje husafishwa na kukaushwa, kisha hupakwa unga wa chaki. Petroli inapochuruzika huacha alama nyeusi, na asili ya kuvuja huwa ni ncha ya juu ya alama hiyo, si pale tone lidondokapo. Tangi lililotolewa garini na kuoshwa laweza kuzamishwa majini, kama afanyavyo fundi wa pancha, na kupulizwa kwa pumzi ndogo ya pampu ya baiskeli. Pampu ya kujazia matairi isitumiwe kamwe. Kanieneo ya kilopaskali 200 juu ya ubavu ule wa mfano huleta kani ya niutoni 30,000, nayo yatosha kulipasua tangi.

6. Tangi tupu si tupu

Mvuke wa petroli hushika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Chini ya hapo petroli haitoshi. Juu ya hapo hewa haitoshi. Katika tangi lenye petroli nyingi, mvuke kwa kawaida huzidi kipimo hicho cha juu. Petroli inapomwagwa na hewa kuingia, mchanganyiko hushuka hadi kufikia kiwango cha kulipuka. Kwa hiyo tangi lililomwagwa sasa hivi laweza kuwa la hatari kuliko lilipokuwa limejaa.

Ni kiasi gani kinachotosha? Asilimia 1.4 ya lita 45 ni lita 0.63 za mvuke. Moli moja ya gesi, katika joto la kawaida, huchukua lita 24 hivi, na moli moja ya sehemu nyepesi za petroli ina uzito wa gramu 70 hivi. Basi:

0.63 ÷ 24 × 70 = gramu 1.8.

Hiyo ni nusu ya kijiko cha chai. Kiasi hicho chaweza kujificha ndani ya kutu na katika mikunjo ya kingo hata baada ya tangi kuoshwa, kisha moto wa mchomeleaji ukakifukuza kitoke. Tena mvuke huo ni mzito zaidi ya mara mbili kuliko hewa. Haupandi ukapotea angani, bali hutambaa sakafuni, huingia katika shimo la gereji, na kuifikia cheche iliyo mbali. Pua si kipimo cha kutegemewa, kwani huizoea harufu upesi.

7. Matengenezo yaliyo salama

Kazi ifanywe nje, penye upepo, mbali na jiko, sigara na taa, na waya wa betri ukiwa umefunguliwa. Petroli isivutwe kwa mdomo. Matone machache yakiingia mapafuni huleta maradhi makubwa. Imwagwe katika chombo cha chuma kilichounganishwa kwa waya na tangi, kwa kuwa umeme tuli waweza kuruka kama cheche. Pawepo mchanga mkavu au kizimamoto cha unga. Maji hueneza petroli inayowaka.

Njiani, ufa mdogo huweza kuzuiwa kwa kusindikwa kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ni chumvi ya asidi ya mafuta; huyeyuka majini lakini haiyeyuki katika petroli. Kipande cha mpira wa tairi hakifai, maana petroli huuvimbisha na kuulainisha. Sabuni ni msaada wa kufika nyumbani tu.

Tundu dogo katika bati lililo zima huzibwa kwa gundi ya epoksi ihimiliyo petroli, baada ya tangi kumwagwa na bati kusuguliwa hadi ling'ae. Pasiwe na moto wala mashine ya kusugulia itoayo cheche. Msasa wa mkono watosha. Ikiwa bati limeoza mahali pengi, tangi libadilishwe. Kulichomelea ni kazi ya karakana yenye vifaa vya kulisafisha kwa mvuke wa maji na chombo cha kupimia mvuke wa petroli. Karakana isiyo navyo yapasa kuikataa kazi hiyo, hata mwenye gari akisihi. Bei ya tangi hulipika.

Mazoezi

(a) Rudia hesabu ya sehemu ya 2 kwa tangi lenye lita 5 za petroli na lita 40 za hewa. Je, ni tangi lipi liathirikalo upesi kwa kuziba, lililojaa au lililo karibu tupu? Eleza sababu.

(b) Chupa ya plastiki iliyosuuzwa kwa maji ya moto na kufungwa hubonyea ipoapo. Linganisha jambo hilo na tangi lililoziba lililopoa usiku.

(c) Fundi mmoja adai kwamba tangi lililokaa wazi juma zima ni salama kuchomelewa. Kwa kutumia hesabu ya sehemu ya 6, andika jibu utakalompa.