Betri ya Moyo: Waya Unaishia Wapi?

Baadhi yenu mna mzee nyumbani aliyewekewa betri ya moyo kwa sababu moyo wake ulipiga polepole mno, hata akawa anazimia. Watu hutuuliza sana betri hudumu miaka mingapi. Juu ya waya hawaulizi, nao waya una mambo yake.

Moyo wenye afya hujitengenezea umeme katika chumba cha juu cha kulia. Umeme huo hushuka kwa njia maalumu, ambayo daktari Wilhelm His aliieleza mwaka 1893, kisha hugawanyika matawi ya kulia na kushoto. Hivyo vyumba vya chini hujikaza pamoja, kama wavuvi wavutao wavu kwa sauti moja.

Kwa miaka mingi madaktari wamepitisha waya katika mshipa wa damu na kuukaza chini kabisa, nchani mwa chumba cha kulia. Hapo ni rahisi kufika, na waya hukaa imara. Lakini umeme ukianzia hapo hauifuati njia yake. Hupenya polepole katika nyama ya moyo, na upande wa kushoto huchelewa. Wengi hawadhuriki. Ila baadhi, hasa wanaotegemea betri karibu kwa kila pigo, moyo wao hudhoofika baada ya miezi au miaka.

Mwaka 2000 daktari Deshmukh na wenzake, Marekani, walieleza jinsi ya kuuweka waya kwenye shina lenyewe la njia ya His. Shina hilo ni dogo, na betri mara nyingine huisha mapema. Mwaka 2017 Weijian Huang na wenzake, kule Wenzhou, China, walieleza njia nyingine: waya huzungushwa kama skrubu ndani ya ukuta unaotenga vyumba vya chini, hadi ufikie tawi la kushoto. Umeme hurudi barabarani mwake. Kazi hii yataka daktari aliyeizoea, maana waya waweza kuutoboa ukuta huo.

Mwenye waya wa zamani asidai ung'olewe. Kuung'oa kuna hatari zake. Lakini akianza kuhema akipanda kilima, miguu ikivimba, au akihitaji mito mingi ili alale, msiseme ni uzee tu. Arudi kliniki apimwe umeme wa moyo na nguvu zake. Naye anayesubiri kuwekewa betri amwulize daktari waya utakazwa wapi. Si utovu wa adabu. Mwenye betri asisahau kadi yake, kwani humo huandikwa aina ya betri na ya waya.