Kupima na Kubadili Swichi ya Indiketa

Katika nchi ambamo magari hupita upande wa kushoto wa barabara, dereva akataye kona ya kulia huvuka njia ya magari yanayomjia. Indiketa isipowaka, hao wajao hawajui nia yake. Lawama ya kwanza huangukia swichi iliyo kando ya usukani, ikanunuliwa mpya, kumbe imeungua balbu tu. Balbu ikiungua, mara nyingi upande wake hupepesa upesi kuliko kawaida. Dalili ya swichi ni nyingine: taa za tahadhari hupepesa zote vyema, ila indiketa hufifia, au haiwaki mpaka mkono wa swichi ushikiliwe.

Hapo voltimita ndiyo mwamuzi. Balbu mbili za wati 21 kila moja, kwa volti 12, huvuta mkondo wa ampea 3.5. Swichi ikiwa imewashwa, voltimita iliyounganishwa kati ya waya wake wa kuingia na wa kutoka yapasa kusoma karibu na sifuri balbu zinapowaka. Ikisoma volti 2, basi wati 6 hivi zinageuka joto ndani ya swichi: vyuma vyake vya kugusana vimechakaa.

Kabla ya kuibadili, ncha hasi ya betri hufunguliwa. Penye mfuko wa hewa katika usukani, sharti kungoja muda uliotajwa katika kitabu cha gari, maana umeme wa kuufyatua huweza kubaki. Swichi mpya ikisha kufungwa, usukani huzungushwa kisha hurudishwa: mkono wa swichi hauna budi kurudi katikati wenyewe.