Somo la Robo Hii: Kijana Asiyesali

Dorothy Day wa Marekani, aliyezaliwa 1897, aliiacha dini akiwa chuoni. Aliona waumini hawawajali maskini. Kuuliza hakuacha. Alisoma Tolstoy na Dostoyevsky, akaandikia magazeti ya kisoshalisti New York. Mwaka 1917 alifungwa pamoja na wanawake waliodai haki ya kupiga kura (yeye mwenyewe, ajabu, hakupiga kura maishani), na 1918 akajifunza uuguzi. Alibatizwa Mkatoliki 1927, na 1933 akaanzisha gazeti la Catholic Worker pamoja na Peter Maurin. Maskini alikwisha kuwatetea kabla ya ubatizo huo.

Kwa majadiliano: Kijana kama huyu akija kujitolea katika mradi wetu wa maji, je, tutamwuliza kwanza anasali wapi?