Dondoo muhimu: Kifungashio cha dawa kinachorejelezeka

Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 1, 2019, vifungashio vya dawa na vifaa tiba viliachwa nje ya marufuku hiyo. Chupa inayofika duka la dawa la Mwandiga, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, hairudi kiwandani kirahisi; hatima yake huamuliwa na aliyeibuni.

1. Tumia aina moja ya plastiki kila inapowezekana.

2. Epuka plastiki ya PVC: ikichanganyika na ile ya PET, hata kidogo, huharibu urejelezaji, na ikichomwa hutoa moshi wenye sumu.

3. Usigandishe plastiki na alumini bila sababu. Pakiti nyingi za vidonge hukwama hapo, kwani tabaka zake hazitenganishiki kirahisi.

4. Chagua plastiki isiyo na rangi, isipokuwa dawa inahitaji kukingwa na mwanga.

5. Bandika lebo kwa gundi inayoachia majini.

6. Chapa namba ya plastiki chini ya chupa, isomeke: 1 ni PET, 2 ni HDPE, 5 ni PP.

7. Pima kwanza kinga dhidi ya unyevu na vijidudu. Usalama wa mgonjwa haupunguzwi.

8. Onyesha kwa mchoro pa kuchania, ili muuguzi atenge kifungashio safi kabla hajamgusa mgonjwa.

Kosa kubwa wodini ni kuchanganya vifungashio safi na vitu vyenye damu. Sindano ziende kwenye kisanduku cha usalama, na vifungashio safi viwe na pipa lake. Wabunifu, tembeleeni zahanati kabla ya kuchora.