TAA YA UANI: TUCHAGUE KWA ELIMU

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazee wetu, somo letu ni taa. Huenda mtu akauliza: taa ina uhusiano gani na dini? Jawabu ni kuwa Suratul Israa, aya ya 26 na 27, imetukataza ubadhirifu. Fedha za madrasa ni amana, zinatokana na michango yenu. Umeme ukipotea, mali ya watu imepotea.

Sisi walimu tunakiri kosa letu. Tulipotaka taa ya uani kwa darsa za baina ya Magharibi na Isha, tulitazama wati tu, tukanunua taa kubwa ya zebaki ya wati 250. Usiku mmoja umeme ulikatika ukarudi papo hapo, lakini taa haikuwaka. Watoto walibaki kizani, misahafu mikononi, wakipapasa viatu.

Taa ile haikuwa mbovu. Aina hii haina uzi wa kuungua kama globu ya kawaida. Umeme hupita baina ya ncha mbili ndani ya kijibomba chenye mvuke. Kwa hiyo inahitaji choki ya kudhibiti umeme, huchukua dakika kadhaa kufikia mwanga kamili, na ikizimika ikiwa ya moto haiwaki tena mpaka ipoe.

Kabla ya kuvuka kwenda Mkoani kununua taa, tuzingatie haya:

1. Wati si mwanga. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Kwa kila wati moja, globu ya uzi hutoa lumeni 12 hadi 15, taa ya zebaki kama 50, ya sodiamu kama 100, na LED nzuri 100 au zaidi.

2. Rangi. Taa ya sodiamu haili umeme mwingi, lakini mwanga wake ni wa manjano. Yafaa njiani, haifai kusomea msahafu wenye rangi za tajwidi.

3. Usalama. Zebaki ni sumu. Taa iliyokwisha isivunjwe wala isitupwe pwani. Kioo cha nje kikivunjika nayo inawaka, izimwe haraka, kwani miale yake hudhuru macho na ngozi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuagiza taa hizi za zebaki.

4. Hesabu. Wati 250 kwa saa 4 ni uniti 1, bila ya choki. LED ya wati 100 yenye mwanga unaokaribiana hula uniti 0.4. Kwa siku 30 za Ramadhani tunaokoa uniti 18.

Mwisho, Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kuzima taa tunapolala, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Wanazuoni wameeleza kuwa ni kwa kuogopa moto. Nasi tukizima tunapata salama na tunaepuka israfu.

MASWALI
(a) Kwa nini taa ya zebaki haiwaki mara tu umeme unaporudi?
(b) Taa ya wati 400 ikiwaka saa 5 inakula uniti ngapi?
(c) Hesabu taa za nyumbani kwenu, kisha waeleze wazee ipi ibadilishwe mwanzo.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuchunga amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.