Haki kwa Ninachodaiwa, Rehema kwa Ninachodai

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mika 6:6–12, Kumbukumbu la Torati 24:6–15, Mathayo 18:21–35, Luka 19:1–10



Somo letu wiki hii ni haki na rehema katika maisha ya kila siku. Wengi wetu tukisikia maneno haya mawili tunaona kama yanavutana. Mwenye haki ni yule mkali asiyepindisha, mwenye rehema ni yule mpole anayeachilia. Ndiyo maana baada ya ibada mtu ananiuliza, "Sasa pasta, nikihurumia kila mtu, duka langu si litafungwa?" Ni swali la maana, na halijibiwi kwa kusema "omba tu".

Nilisomea biashara kabla ya kuingia huduma, na kuna kitu kimoja cha darasani ambacho bado kinanisaidia hata nikisimama madhabahuni. Hesabu za biashara yoyote zina pande mbili, na hizo pande hazichanganywi. Kuna ninachodaiwa, yaani mali ya watu iliyo mikononi mwangu. Kuna ninachodai, yaani mali yangu iliyo mikononi mwa watu. Hebu weka maisha yako katika pande hizo mbili. Utaona kwamba haki na rehema hazigombani. Haki inaanza upande wa ninachodaiwa. Rehema inaanza upande wa ninachodai.

Shida yetu ni kwamba tunageuza. Tukidaiwa, tunaomba rehema: "Nivumilie tu, mambo ni magumu." Tukidai, tunataka haki: "Pesa yangu ni leo, sitaki hadithi." Mtu yule yule, mdomo ule ule, siku ile ile. Wiki hii tumwombe Roho Mtakatifu atusaidie kurudisha kila kitu upande wake.

1. HAKI INAANZA NA GOROGORO YAKO

Tunaupenda sana mstari wa Mika 6:8, pale nabii anapoweka pamoja haki, rehema na unyenyekevu mbele za Mungu. Wengine wameuandika ukutani sebuleni. Lakini usifunge Biblia hapo. Soma mbele kidogo, mstari wa 10 na wa 11. Mungu anauliza juu ya kipimo kilichopunguzwa, mizani ya uongo na mfuko wa mawe ya kupimia yasiyo ya kweli. Yaani kutoka kwa mstari unaoimbwa kanisani hadi sokoni ni mistari miwili tu.

Sisi watu wa Machakos hatuhitaji kuelezwa. Ukienda sokoni kununua mahindi, ndengu au mbaazi, unapimiwa kwa gorogoro. Na sote tunaijua gorogoro iliyobonyezwa kitako ikaingia ndani. Kwa macho ni gorogoro, lakini mtoto wa mteja akifika nyumbani anakula chakula pungufu. Serikali ina Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, na mtu anaweza kushtakiwa. Lakini kabla hujafika kwa hakimu, Mithali 11:1 imeshasema jinsi Mungu anavyoichukia mizani ya hila.

Usiseme, "Mimi siuzi mahindi, hii si yangu." Kila mtu ana gorogoro yake. Ukiwa fundi uliyelipwa siku nzima ukaondoka saa nane, umebonyeza kitako. Ukiwa karani unayemwambia mzee aliyetoka Masii arudi kesho, na kazi yake ingekuchukua dakika tano, umebonyeza kitako. Ukiwa mwanafunzi unayelipiwa karo na mama anayeuza mboga, na wewe darasani huonekani, mpendwa, nawe pia umebonyeza.

Kuna wakati haki sokoni inakuwa jambo la uhai na kifo. Mwaka wa 2004, kati ya Januari na Julai, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile wengi tunaiita aflatoksini. Makueni na Kitui ndiko kulikoumia zaidi, na Machakos pia iliguswa. Mahindi yalikuwa yamehifadhiwa na unyevu, kuvu ikaingia. Wachunguzi walipima sampuli 350 kutoka kwa wauzaji wa masoko ya sehemu zilizoathirika, na asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo. Sumu hiyo unaweza usiione kwa macho, na kupika hakuiondoi.

Mimi simhukumu aliyeuza bila kujua. Lakini sasa tunajua. Kwa hiyo haki leo ni kuanika mahindi juu ya turubai na si juu ya udongo, hadi unyevu ushuke ufike asilimia 13.5 au chini yake. Haki ni kutoficha yaliyooza katikati ya gunia. Na hapa niseme wazi: mahindi yaliyoota kuvu usimpe mjane halafu ukaita rehema. Kitu ambacho watoto wako hawali, usikitoe kwa jina la Yesu.

Upande huu wa ninachodaiwa una jambo lingine, mshahara. Kumbukumbu 24:14–15 inataka kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu ameweka moyo wake kwa hiyo pesa. Leo hatuna hata sababu ya kusema benki imefungwa. Simu iko mfukoni, M-Pesa inafanya kazi usiku na mchana. Dada anayekulelea watoto, kijana aliyekulimia shamba, hao wanakudai. Usiwalipe kwa maneno "Mungu atakubariki". Mungu atawabariki, ndiyo, lakini wewe lipa.

2. REHEMA INAANZA NA DAFTARI LAKO LA MADENI

Tugeukie upande wa pili. Hapa kwetu tunategemea sana mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba. Ikikosa, daftari la madeni dukani linajaa. Mwenye duka anadai, na anayedaiwa anapita njia ya nyuma ili asionekane. Mkristo anayedai afanye nini?

Biblia haisemi usidai. Dawa ya deni ni kulipa, na Mungu anajua hivyo. Lakini anaweka mipaka kwa anayedai. Soma Kumbukumbu 24 pole pole. Mstari wa 6 unakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu huko ni kuchukua uhai wa mtu. Mstari wa 10 na wa 11 unamwambia mwenye kudai asiingie nyumbani mwa mdaiwa, asimame nje, mdaiwa mwenyewe amletee rehani. Na akiwa ni maskini, vazi lake alilolitoa rehani lirudishwe jioni, apate kujifunika usiku.

Unaona moyo wa Mungu hapo? Deni lipo, lakini mdaiwa bado ana mlango, ana heshima, ana kitu cha kutafutia chakula na kitu cha kujifunikia. Hata serikali yetu imelazimika kuweka mpaka kama huo. Mwaka wa 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, zinazokataza kumtisha na kumtukana mdaiwa, au kuwapigia watu walio katika orodha ya simu yake ili aaibike. Sasa kama kampuni ya mikopo imekatazwa, itakuwaje sisi tuliookoka tutangaze deni la dada yetu katika kikundi cha WhatsApp cha ushirika, tukiita "ombi la maombi"?

Tukija Mathayo 18, hebu tupige hesabu. Dinari moja ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku. Tuseme kibarua hapa analipwa shilingi 500. Yule mtumishi alikuwa anamdai mwenzake dinari 100, kama shilingi 50,000. Si pesa kidogo! Yesu hakusema deni lile ni la bure. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amesamehewa talanta 10,000. Talanta moja ni kama dinari 6,000, kwa hiyo ni dinari milioni 60, sawa na shilingi bilioni 30. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angehitaji miaka 200,000 kulimaliza.

Mtu wa namna hiyo anatoka nje ya mlango wa mfalme na kumkaba mwenzake koo kwa shilingi 50,000. Kosa lake halikuwa kujua hesabu. Kosa lake ni kwamba alisoma upande mmoja tu wa kitabu chake. Ndiyo maana Mika anamalizia na unyenyekevu. Mnyenyekevu ni mtu anayekumbuka alichosamehewa.

3. REHEMA HULIPIWA NA ANAYESAMEHE

Hapa ndipo wengi tunapotatizika, hasa kwenye chama. Niliwahi kuitwa kusaidia chama kimoja cha kina mama. Nitaficha mengi ili mtu asijulikane. Mwanachama mmoja alikuwa amekopa, mumewe akaugua, akabaki na deni la shilingi 18,000. Wenzake walikuwa 12. Wengine walitaka waende wachukue cherehani yake. Mweka hazina naye, kwa huruma, alitaka afute deni kimya kimya.

Niliwaambia kwamba njia zote mbili zina shida. Cherehani ndiyo jiwe la kusagia la huyo mama. Ukiichukua, umechukua chakula cha watoto na hata uwezo wake wa kulipa. Lakini mweka hazina naye hawezi kusamehe pesa ambazo si zake. Huko ni kuwa na rehema kwa mfuko wa jirani. Katika mfano wa Yesu, mfalme alisamehe kwa sababu hasara ilikuwa yake. Rehema ya kweli ina gharama, na gharama inabebwa na anayesamehe.

Kwa hiyo tuligawa. Deni kwa watu 12 ni shilingi 1,500 kwa kila mmoja. Kila mama akaulizwa peke yake, bila kushurutishwa. Watano wakasema, "Sehemu yangu nimeachilia." Hizo ni 7,500. Saba walihitaji pesa zao, na hatukuwahesabu kuwa na dhambi. Mmoja wao alikuwa na mtoto wa kupeleka shule. Zikabaki 10,500, na yule mama akakubali kulipa 350 kila wiki kwa wiki 30. Cherehani ikabaki kwake. Aliyesamehewa akafanya haki kwa kulipa iliyobaki. Waliodai wakafanya rehema, wengine kwa kuachilia, wengine kwa kungoja. Kungoja pia ni rehema.

Nawe unayedaiwa, sikia. Ukiongezewa muda, usizime simu. Usihame njia. Nenda mwenyewe, useme ulicho nacho, hata kama ni shilingi 100. Rehema ya mwenzako haikuondolei haki yako ya kulipa.

4. SADAKA HAIFUTI DENI

Neno la mwisho ni gumu kidogo. Katika Mathayo 23:23 Yesu anawakemea watu waliotoa zaka hata ya majani ya mboga, lakini wakaacha haki, rehema na imani. Hakuwakataza zaka. Alikataza zaka iwe pazia.

Mwangalie Zakayo. Siku Yesu alipoingia nyumbani mwake, alifungua pande zote mbili za daftari. Kwa aliowanyang'anya, aliahidi kurudisha mara nne. Hiyo ni haki. Kwa maskini, ambao hawakuwa wakimdai, aliahidi nusu ya mali yake. Hiyo ni rehema. Na pesa za waliodhulumiwa zilirudi kwa wenyewe. Kwa hiyo mpendwa, kama kibarua wako anakudai, usimpite ukaja kuweka hiyo pesa kwenye bahasha ya sadaka. Sisi wachungaji tutaipokea kwa kutojua, lakini Bwana wa majeshi amesikia kilio chake. Soma Yakobo 5:4. Mlipe kwanza, kisha uje na sadaka yako kwa furaha.

YA KUFANYA WIKI HII

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika ninachodaiwa: pesa, mshahara wa watu, saa za kazi, ahadi. Upande wa pili andika ninachodai. Kutoka upande wa kwanza chagua kimoja ulipe kabla ya Jumapili. Kutoka upande wa pili chagua mtu mmoja umwongezee muda, umpunguzie au umwachilie, kulingana na uwezo wako. Usimtangaze.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Gorogoro yako ni ipi, na kitako chake kikoje?
2. Katika chama chetu, mtu akishindwa kulipa tunafanya nini? Je, tunachukua "jiwe la kusagia"?
3. Kuna mtu aliyeacha kuja kanisani kwa sababu ya deni la mmoja wetu? Nani ataenda kumwona?

MAOMBI

Baba, tumesamehewa deni ambalo tusingeweza kulilipa. Tupe mikono inayopima sawa sawa, na mioyo inayojua kungoja. Wanaotudai walipwe, tunaowadai wapumue. Katika jina la Yesu. Amina.