Karatasi Moja, Kurasa Mbili

Aondokaye mjini Babati kwa barabara iendayo Kondoa hupita Bonga. Kata hiyo, kama kata zote za Tanzania, haiendeshwi kwa maneno ya mdomo tu. Barua za utambulisho, mihtasari ya vikao, taarifa za maendeleo, zote zataka karatasi. Na karatasi hununuliwa kwa fedha ya wananchi. Basi aitumiaye ovyo apoteza mali ya jirani zake.

Tufanye hesabu. Rimu moja ni karatasi 500, uzito wake yapata kilo mbili na nusu. Tuseme Kamati ya Maendeleo ya Kata ina wajumbe 30, na taarifa ya kikao ina kurasa 20. Ikichapwa upande mmoja tu, zatumika karatasi 600, yaani rimu nzima na zaidi. Ikichapwa pande zote mbili, 300 zatosha. Kwa vikao vinne vya mwaka zaokolewa karatasi 1,200.

Yatupasa kufanya nini? Kwanza, tusome na kusahihisha kabla ya kuchapa, maana kosa moja la tarehe huweza kuharibu nakala zote. Pili, tuchape pande mbili. Tatu, karatasi iliyoandikwa upande mmoja ikatwe, ibanwe kwa pini pamoja na nyingine, iwe daftari la rasimu.

Lakini hapa pana hatari. Nani hajapata kununua karanga zilizofungwa katika karatasi ya ofisi? Pengine imebeba jina la mgonjwa, alama za mwanafunzi, au shauri la mume na mke. Kufanya hivyo si kuweka akiba, bali ni kuitembeza siri ya mtu sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka mwenye kutunza habari za watu azilinde. Karatasi za namna hiyo, muda wake wa kuhifadhiwa ukiisha, zichanwe vipande vidogo au zichomwe; zisifungiwe kitu.

Nanyi wazazi, yatazameni madaftari ya mwaka uliopita. Kurasa nyeupe zilizobaki zishonwe pamoja, watoto wafanyie hesabu. Mtoto aliyezoea nyumbani kuumaliza ukurasa, siku atakapokalia kiti cha ofisi hatahitaji kufundishwa upya.